Mzee aliyekufa mara 50,000

Kwa waliokulia kwenye mabanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi, mnajua, kuna sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani ila kila mtoto alikuwa anaijua: stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kutupwa mtoni akiwa amefungwa kamba, mtoto mgeni akaanza kulia pale kwenye benchi, mwenzie anamwambia we tulia bana, stelingi huyo. Wanaokufa ni wale wengine. Maadui. Wale wanaokuja mbio wanapiga kelele, wanachapwa moja, wanadondoka, na hamna mtu hata mmoja kwenye banda zima aliyewahi kuuliza yule aliyedondoka anaitwa nani.

Mi nilikuwa adui. Yaani kwenye mchezo wetu. Muvi ikiisha tunatoka pale tumejaa mzuka, kila mtu anaokota fimbo, na stelingi siku zote ni mtoto wa mwenye banda, hapo hamna mjadala kwa sababu ukimkatalia kesho hupitishwi mlango wa nyuma. Sisi wengine tunakufa. Na mi nilikuwa nakufa vizuri aisee, sijisifii, najishika tumbo, nayumba, naangalia juu kama kuna mtu kaniita, alafu ndo naenda chini na mchanga wote, mama akawa haishi kulalamika hizi nguo unaenda kuzifanyia nini huko. Kuna watoto walikuwa wanakufa kivivu, kachomwa panga la kifua anakaa chini taratibu kama anasubiri daladala. Mi hapana. Ikafika hatua yule mtoto wa mwenye banda akawa anataka niwe wa mwisho kufa, maana nikifa mimi ndo yeye anaonekana kamaliza kazi.

Hilo jambo nililisahau kabisa kwa miaka kama ishirini hivi, mpaka nilipokuja kukutana na habari za mzee mmoja wa Kijapani anaitwa Seizo Fukumoto ambaye kufa ndo ilikuwa ajira yake. Zaidi ya miaka 50 mtu anaamka asubuhi, anaenda kazini, anauawa, anarudi nyumbani.

Na inawezekana umeshamuona. Kama uliangalia The Last Samurai, ile ya Tom Cruise ya mwaka 2003, kuna mzee mmoja mkavu, mashavu yamezama, macho ya kutisha, ndo kapewa kazi ya kumfuata Tom Cruise kila anapoenda pale kijijini baada ya kutekwa. Haongei. Tom Cruise anamsemesha, kimya, anamtania, kimya, mwisho anaamua kumpa jina mwenyewe, anamuita Bob. Muvi nzima mzee yuko nyuma yake hatua kama tatu, anatembea tu. Alafu mwishoni mwishoni anapaza sauti mara moja, "Algren-san!", ndo jina la Tom Cruise humo, anajirusha mbele na risasi iliyokuwa ya stelingi inampata yeye. Ndo maneno yake yote hayo kwenye muvi ya masaa mawili na nusu. Kwenye orodha ya waigizaji wala hajaandikwa Bob, ameandikwa Samurai Mkimya.

Mi niliiangalia kwenye zile sidii za kuunga, muvi nane ndani ya moja, picha inakwama kwama, na kwakweli vita vyenyewe nilikuja kuvisahau ila huyo mzee alibaki kichwani. Nilidhani wamemuokota huko huko kijijini, maana alikuwa anatembea kama mtu ambaye kweli hana haja na kamera. Kumbe wakati ule ameshafanya hii kazi miaka 45.

Fukumoto kazaliwa tarehe 3 Februari 1943, sehemu inaitwa Kasumi, mkoa wa Hyogo, ufukweni upande wa Bahari ya Japani, watu wa huko ni wavuvi na wanasifika kwa kaa. Alipomaliza shule akiwa bado mdogo akapelekwa Kyoto kwa ndugu mwenye duka la mchele akauze. Ikamshinda. Si mtu wa kuchangamkia wateja, na ukimuangalia ile sura yake ya utu uzima unaelewa kabisa kwa nini mama wa watu aliyekuja kununua kilo mbili angesita kidogo. Ndugu wakamtafutia sehemu nyingine, akaingizwa studio ya Toei hapo hapo Kyoto, miaka 15. Hiyo ndo naipenda, kwamba hakuna ile hadithi ya tangu utotoni nilikuwa na ndoto. Alitafutiwa kibarua kama anavyotafutiwa kijana yeyote aliyeshindwa dukani kwa mjomba.

Ila aliingia wakati ambao sinema Japani ilikuwa ni kama mpira kwetu. Mwaka 1958 peke yake ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.1 na nchi nzima ilikuwa na watu kama milioni 92, piga hesabu, kila mtu na bibi yake na mtoto mchanga wanaenda sinema mara 12 kwa mwaka. Toei walikuwa wanatoa muvi mbili mbili kila wiki, na nyingi ni zile za kale, za mapanga, wenyewe wanaziita jidaigeki. Zilikuwa zinapigwa mtaa wa Uzumasa, magharibi mwa Kyoto, kulikuwa na studio zaidi ya moja pale, watu wakapaita Hollywood ya Japani. Sasa muvi mbili kwa wiki za mapanga maana yake nini? Maana yake unahitaji watu wengi sana wa kukatwa.

Hao walikuwa wanakaa kwenye kitu kinaitwa obeya, chumba kikubwa. Staa ana chumba chake, na hawa mamia wana chumba kimoja, wanabadilishia nguo humo, wanavalia mawigi humo, wanasubiri humo waambiwe leo wewe jambazi, wewe mpita njia, wewe maiti. Ukiwa mtu wa obeya jina lako kwenye skrini hulitegemei. Wenyewe kazi yao ina jina, kirareyaku, yaani nafasi ya kukatwa. Mi nikilisikia hilo neno nafikiria kama cheo vile, afisa mkatwaji.

Ngoja nieleze hii ya kukatwa maana hapa ndo niliposhangaa. Pale bandani kuna swali moja lilikuwa linaulizwa kila muvi, mbona hawamvamii wote kwa pamoja? Wako 15, stelingi yuko peke yake kwenye uwanja, mmoja anaenda anakatwa, wengine wanazunguka zunguka tu wanamuangalia, anaenda mwingine. Tulikuwa tunacheka, tunasema maadui wajinga. Kumbe wale wanaozunguka ndo wako kazini kuliko yeyote. Ule mpangilio wa mapigano una mtu wake kabisa anayeupanga, na kila mmoja pale anajua hatua zake, wewe unatoka kushoto stelingi akigeuza bega, wewe unapiga juu ili yeye apite chini, wewe panga lako lisimguse kwa sababu staa akichanika shavu kesho hakuna shuti. Mapanga yenyewe mara nyingi ni ya mianzi, yamefunikwa na karatasi inayong'aa, ila mwanzi nao ukikuingia jichoni ni habari nyingine. Staa anapitisha panga hewani tu. Hakukati. Anayefanya ionekane umekatwa ni wewe mwenyewe, unatakiwa ujue limepita wapi, limeingia bega gani limetokea ubavu upi, uzito wake ulikuwaje, alafu mwili wako uonyeshe hayo yote kwa nusu sekunde. Na kama staa siku hiyo kachoka, au ni msanii wa kuimba kaletwa kwa ajili ya jina na panga hajui hata kulishika, wewe ndo unarekebisha. Unachelewa kidogo, unawahi kidogo, ili yeye aonekane hatari.

Fukumoto mwenyewe alikuwa anasema hivyo kwenye mahojiano, kwamba anayekufa akifa vibaya basi anayeua naye haonekani lolote.

Nikamkumbuka mtoto wa mwenye banda.

Sasa kufa kwake ndo kulimpa jina. Fikiria unamvamia staa, kamera iko nyuma yako inamtazama yeye, maana yeye ndo kalipiwa tiketi. Kwa hiyo wewe watu wanaona mgongo. Unakatwa, unaanguka kifudifudi, kwisha, umekula siku nzima kwenye wigi zito na jua na watazamaji wameona kisogo. Fukumoto akatafuta njia. Akikatwa hadondoki mbele, anajikunja kurudi nyuma, kiuno kinavunjika kama upinde, mikono inatapatapa hewani, kichwa kinashuka nyuma mpaka uso umegeuka juu chini na unaitazama kamera. Hapo anasimama kidogo. Yaani kuna kasekunde kamoja pale mwili uko kwenye pembe ambayo mwanadamu wa kawaida ameshaanguka, yeye bado hajaanguka, na uso wote uko kwenye skrini, macho yametoka. Ndo anaporomoka. Wajapani wanaita ebizori, mpindo wa kamba, kamba yule wa baharini. Ingawa sisi wa pwani tutabisha kidogo, kamba ukimtia kwenye mafuta anajikunja kwa mbele, ila sawa, wao ndo wenye kamba wao.

Ujanja huo nilipousoma nilicheka peke yangu kwenye basi. Mtu hana hata mstari mmoja wa kuongea, hana jina, ana sekunde mbili, na zenyewe anatakiwa awe amegeuza kisogo, na bado katafuta kona ya kuonyesha uso bila kumuibia staa kitu. Maana hilo ndo gumu, ukizidisha unaharibu picha, dairekta anakutoa, kesho huitwi. Alisema alijifunza kwa Charlie Chaplin, alikuwa anamuangalia anavyoanguka, kwamba ile mianguko ya kuchekesha ukiitazama vizuri ni ya hatari kweli kweli, na mtu anayeanguka vile ana maumivu ndani yake. Akachukua ya vichekesho akaileta kwenye kifo.

Alafu mambo yakaanza kuharibika, kama yanavyoharibika. Televisheni ikaingia majumbani, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 70 zile tiketi bilioni 1.1 zikawa hazifiki hata milioni 200 kwa mwaka. Daiei, studio kubwa nyingine iliyokuwa pale pale Uzumasa, ikafilisika 1971. Toei wao wakageuza gari, wakaachana na samurai wakaingia kwenye muvi za yakuza, yale magenge ya wahalifu wa Kijapani, kwanza wale yakuza wenye heshima zao na tatuu, alafu kuanzia 1973 dairekta Kinji Fukasaku akaleta zile za kikatili za mtindo wa habari za kweli, kamera inatikisika, watu wanapigana risasi hovyo. Watu wa obeya wakavua mawigi wakavaa suti za rangi mbaya, wakaendelea kufa. Hii nayo inabidi uisifie, mtu amezoea kufa kwa panga miaka 15 anaambiwa sasa unakufa kwa bastola, kwenye ngazi, kwenye gari, na mwelekeo wa kuanguka ni tofauti kabisa.

Wenzake wa chumba kikubwa miaka hiyo walianzisha kikundi chao kikaitwa Jeshi la Piranha, wale samaki wadogo wenye meno, na mmoja wao, Takuzo Kawatani, akatoka kweli, akawa mtu wa kujulikana nchi nzima. Kwa hiyo mlango ulikuwepo. Fukumoto hakutoka, au hakuutafuta sana, sijui niseme vipi, ila alibaki kwenye kufa.

Kilichowaokoa watu kama yeye ni ile ile televisheni iliyowaua. Jidaigeki zilihamia huko. Kuna tamthilia moja, Mito Komon, ilianza 1969 ikaja kwisha Desemba 2011, hadithi ni mzee mmoja wa ukoo wa mtawala anasafiri nchi nzima kajifanya mfanyabiashara, kila wiki anakuta sehemu kuna kiongozi anaonea watu, mapigano yanatokea dakika zile zile, alafu msaidizi wake anatoa kikasha chenye nembo ya ukoo na wote wanapiga magoti. Miaka 42! Mabibi wa Kijapani walikuwa wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo tuliyokuwa tunapendea muvi zetu, unajua kitakachotokea na bado unasubiri kitokee. Ilikuwa inapigwa huko huko Uzumasa. Na kabla ya nembo kutoka lazima watu wapigwe. Kulikuwa na nyingine ya shogun, mtawala wa kijeshi wa zamani, anayetoka kujichanganya na wananchi, ile aliyoigiza Ken Matsudaira iliyoanza 1978, nayo kila mwisho ni mapanga uwanjani, yeye mmoja na genge zima. Mlo wa watu wa obeya ulikuwa humo.

Toei walishafungua sehemu ya studio kwa watalii tangu 1975, Eigamura, kijiji cha sinema, unalipa kiingilio unatembea kwenye mitaa ya zamani ya maboksi. Filamu zilivyozidi kupungua wakatwaji wengi wakawa wanaenda kupigana humo mbele ya wanafunzi wa shule na wazee wenye kamera. Hapo hakuna kata, hakuna kurudia. Unakufa, unainuka, unapiga picha na watoto.

Kuhusu ile namba sasa. Kila wanapomuandika wanasema ni mtu aliyeuawa mara 50,000. Mi ni mtu wa mahesabu kidogo, nikakaa nikagawa, 50,000 kwa miaka 50 ni 1,000 kwa mwaka, karibu mara tatu kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Nikasema hii ni chumvi. Alafu nikafikiria vizuri, mbona inaweza ikakaribia. Mtu wa obeya hakuwa anakufa mara moja kwa muvi. Anakufa pale getini akiwa kibaraka namba nne, anakimbia anabadilisha wigi na koti, anarudi anakufa ndani kwenye korido akiwa mlinzi, na kama mtazamaji ni mkali atasema mbona huyu nilishamzika. Ongeza mazoezi, ongeza kurudia shuti kwa sababu jua limehama au staa kacheka. Hakuna aliyekaa na daftari anahesabu, lakini namba si ya kijinga kama nilivyodhani.

Mwaka 2003 akafika miaka 60, umri wa kustaafu, studio ikamstaafisha kama inavyomstaafisha karani. Mwaka huo huo ndo Bob anatoka duniani kote. Hiyo muvi ilimpeleka Ken Watanabe kwenye Oscar, kapendekezwa kama muigizaji msaidizi bora, na Watanabe anastahili kabisa, ila mi nikiambiwa msaidizi kwenye muvi ile jicho langu linaenda kwa yule wa hatua tatu nyuma.

Hakustaafu kweli. Aliendelea kuitwa, anaenda, anakufa. Mpaka 2014 ikatoka Uzumasa Limelight, dairekta Ken Ochiai, na humo kwa mara ya kwanza maishani Fukumoto ndo stelingi. Umri miaka 71. Anacheza mzee mkatwaji wa Uzumasa ambaye tamthilia aliyoizoea imefutwa, kazi zimeisha, anahamishiwa kijiji cha watalii, huko anakutana na binti anayetaka kujifunza panga, anamfundisha. Binti mwenyewe, Chihiro Yamamoto, ni bingwa wa wushu, mapigano ya Kichina, kweli kweli, kwa hiyo wakishika fimbo pale hamna kudanganywa. Jina Limelight limetoka kwa Chaplin, ile yake ya 1952 ya mchekeshaji mzee aliyesahaulika na binti mcheza dansi, kwa hiyo ule mwanguko alioazima kijana wa miaka ishirini na kitu umekuja kumrudia uzeeni. Hiroki Matsukata naye yumo, staa wa kweli wa zama zile za Toei, anacheza staa. Montreal kwenye tamasha la Fantasia wakampa Fukumoto tuzo ya muigizaji bora.

Watu wengi wakifika hapa wanaandika kwamba hatimaye alipata alichostahili. Mi siafiki sana. Nimeiangalia ile muvi mara mbili, na sehemu anazobaki peke yake mbele ya kamera, anakunywa chai, anatembea kwenda nyumbani, unaona kabisa mwili wake unatafuta pembeni. Hajazoea kuwa katikati. Anaongea kidogo, anainamisha kichwa, kama mtu aliyealikwa kukaa meza kuu kwenye harusi ya mtu. Uzuri wa muvi ni huo huo wa kutozoea. Ila akishika panga, akimpigia magoti yule binti kumuonyesha jinsi ya kukata, uzee wote unapotea mgongoni. Mwisho wake siusemi, nenda kaangalie, ingawa kazi ya mzee unaijua.

Alifariki tarehe 1 Januari 2021, saratani ya mapafu, miaka 77. Mwaka mpya kwa Wajapani ni sikukuu kubwa kuliko zote, siku familia zimekaa nyumbani, na zamani ndo siku ambazo televisheni zao zilikuwa zinajaa jidaigeki ndefu za masaa.

Tangu nimjue nimeharibikiwa, sina tena utulivu wa kuangalia muvi. Naangalia nyuma. Mke wangu hataki tena kukaa na mimi kwa sababu narudisha, ngoja, ngoja, umemuona huyu anavyodondoka? Juzi usiku nilikuwa naangalia kipande cha tamthilia moja ya zamani ya Kijapani, haina tafsiri, sielewi neno, shogun sijui ni nani kaingia kwenye nyumba ya tajiri. Kwenye kundi la kwanza pale uani kuna mkavu mmoja mashavu yamezama. Anakuja, anapigwa moja ya bega, anajikunja nyuma, kasekunde kale, macho kwenye kamera, chini. Nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Nikaenda jikoni kuchukua maji, narudi, shogun ameshaingia ndani anapita korido, mlango wa karatasi unafunguka pembeni, na anayetokea ni yule yule, sasa hivi ana wigi la kipara na koti jeusi, anachomoa panga kana kwamba hatujawahi kuonana.